Yogati Isiyo na Mafuta na Usingizi wa Baba Mkwe

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe ina ladha ya stroberi.

Nawaandikia nyinyi wa kundi letu la chuo kabla hamjaipata habari hii kwa watu wengine. Hapa Endasak kila mwenye simu ameshaanza kuisimulia, na wanaitia chumvi. Mimi nawapa ilivyo. Nilipo sasa hivi nitawaambia mwisho, maana hata mwenyewe sijaamini. Naandika jicho moja likiwa pembeni, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa msinisahihishe.

Habari ya Paskalina mnaijua. Mnajua barua ya posa ilikwenda kwao wakati wa kupanda mahindi, mahindi yameota, yamekomaa, yamevunwa, na jibu hakuna. Baba yake si mtu wa haraka. Ni mzee wa ng'ombe, mrefu, mkimya, anatembea na fimbo hata akienda chooni. (Jina lake silitaji. Mkwe hatajwi jina, na kwa yaliyotokea leo naogopa hata kulifikiria.) Kila nikisimama mbele yake maneno yote yananikimbia. Sasa wiki mbili zilizopita hospitali wakamwambia ana kisukari.

Paskalina akanipigia. "Njoo umjulie hali. Kumjulia mgonjwa hali hakuhitaji mshenga. Na safari hii uongee, usikae kama gunia."

"Nitaongea."

"Usilete soda. Usilete biskuti. Usilete asali, hata kama mjomba wako ametoka kuirina Yaeda Chini leo asubuhi. Kitu chenye sukari kisikanyage hapa kwetu. Umenisikia?"

"Paskalina," nikamwambia kwa sauti nzito, "unaongea na mtu wa lishe."

Hapo niwakumbushe wale mliosahau. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwetu Nambis, huko juu Mbulu. Mwaka jana nilihudhuria semina ya lishe, siku mbili, nikapewa na fulana. Mgongoni imeandikwa LISHE BORA NI MIMI NA WEWE. Tangu siku ile hakuna mtu kijijini anayekula kwa amani nikiwa karibu. Nawauliza protini iko wapi. Nawauliza mboga iko wapi. (Mada ya sukari ilikuwa siku ya pili baada ya chai. Nilitoka nje kupokea simu. Alikuwa Paskalina. Tuliongea hadi mada ikaisha.)

Basi leo nimeamka alfajiri, nimevaa ile fulana, nimeteremka hadi Dareda kubadilisha gari. Pale pana duka lenye friji. Nikatazama ndani nikaona vikopo vya yogati vimepangwa, vina picha ya stroberi nyekundu, na kwa maandishi makubwa kuliko picha yenyewe: MAFUTA SIFURI.

Moyo wangu ukatulia. Nyuma ya kopo kulikuwa na maandishi mengine, lakini madogo kama mayai ya chawa, na gari la kwenda Katesh, linalopita Endasak, lilikuwa limeshaanza kupiga honi.

"Dada, hii ina sukari?"

Akaligeuza kopo, akasoma pale mbele. "Haina mafuta, kaka."

"Basi nipe sita."

(Rudieni kuyasoma mazungumzo hayo taratibu. Niliuliza moja, nikajibiwa lingine, nikafurahi.)

Msinicheke bado, nina utetezi. Kwetu sisi tuliokua na maziwa, maziwa matamu ni yale yenye mafuta. Bibi yangu akionja akasema haya matamu, ujue siagi imejaa. Ng'ombe mwenye maziwa mepesi tunasema maziwa yake hayana utamu. Kwa hiyo kichwani mwangu hesabu ilikuwa wazi kabisa: wametoa mafuta, utamu umeondoka nayo, sukari ingebaki inafanya nini? Nikapanda gari nimekumbatia mfuko wangu kama mtu aliyebeba chanjo.

Nimefika Endasak karibu saa tano. Bodaboda akanishusha mbele ya boma lao. Sasa kuna jambo jingine kuhusu mimi ambalo baadhi yenu hamlijui. Naogopa ng'ombe. Ndiyo, mimi, mtoto wa Mbulu. Nyumbani tunao wawili wa kufungia ndani, na mmoja wa zamani alinirusha juu ya ua nikiwa darasa la nne. Tangu hapo nawaheshimu kwa mbali. Ng'ombe wa baba Paskalina hawafungwi. Wana pembe ndefu, na walikuwa bado hawajatoka kwenda malishoni kwa sababu mchungaji wao ana homa. Wote wakageuka kunitazama kwa pamoja.

Paskalina akatoka jikoni akanipokea. "Umeleta nini?"

"Yogati. Haina mafuta."

"Na sukari?"

"Ingetoka wapi?"

Akataka kulichukua kopo alitazame, lakini mama yake akamwita, ugali unaungua. Akakimbia. Mpaka sasa nawaza, ugali ule ungechelewa kuungua dakika moja tu, mimi ningekuwa mtu mwenye heshima.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ngozi, kivulini ubavuni mwa nyumba, fimbo imelala mapajani. Amepungua, lakini macho ni yale yale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Tumesikia unaumwa, tukasema tuje tukuone."

"Mmekuja wangapi?"

"Mimi peke yangu, mzee."

"Mm."

Nikakumbuka nimeambiwa niongee, nikatoa makopo, nikayapanga juu ya kigoda. Nikaongea.

"Hii ni yogati, mzee. Ni kama mtindi, ila inatengenezwa kiwandani. Hii haina mafuta kabisa. Sifuri!"

Akalishika kopo moja, akalizungusha. "Mafuta yake yamekwenda wapi?"

"Wameyatoa."

"Nani?"

"Watu wa kiwanda, mzee."

"Wakayapeleka wapi?"

(Semina haikufika huko.)

"Kwa hiyo," akasema polepole, "hao watu wamekaa na siagi, wewe ukaniletea yaliyobaki. Hapa kwangu mama akishatoa siagi kwenye kibuyu, yanayobaki tunampa mbwa."

Mbwa mwenyewe alikuwa pale. Alinyanyua kichwa.

Jamani, niliogopa. Barua yangu niliiona inachanika. Nikaanza kueleza kwamba mafuta yakizidi hayafai kwa mgonjwa, kwamba moyo, kwamba mishipa, kwamba mjini watu wazito ndio wanakunywa hii, maneno yananitoka tu. Mzee akaninyamazisha kwa kunyanyua kidole. Akafungua kopo. Akaonja kwa kijiko. Akaweka kijiko chini, akalinywa lote kwa mkupuo mmoja.

"Mbona tamu?"

"Ni stroberi, mzee. Ni tunda."

"Matunda daktari hakunikataza," akasema. Akafungua la pili.

Na akatabasamu! Mimi sikuwahi kuyaona meno ya yule mzee. Wiki mbili, akaniambia, wiki mbili anakunywa chai isiyo na sukari na uji usio na sukari, watu wa nyumba hii wanamtunza kama ndama aliyeachishwa. Hakuna aliyemfikiria. "Wewe umenifikiria," akasema. Nikajisikia nimefika. Nikaona harusi, nikaona sufuria za pilau, nikawaona hata nyinyi mmekaa meza ya mbele.

Ningeishia hapo. Lakini mzee akalinyoosha lile kopo tupu kwangu. "Hospitali walisema nisile kitu nisichokijua. Macho yangu hayafiki hapo. Soma."

Nikasafisha koo. Nikasoma kwa sauti ya semina.

"Kwa kila kopo moja. Mafuta, sifuri."

"Hiyo tumeshaimaliza."

"Protini, gramu sita."

"Ndiyo nini?"

"Inajenga mwili, mzee. Kama nyama."

Akalitazama kopo kwa heshima kidogo. "Inayofuata?"

Inayofuata ilikuwa sukari. Gramu ishirini na nne.

Nikasoma tena kimya kimya. Ishirini na nne. Kitu kimoja nilichokuwa nakikumbuka kuhusu sukari, kwa sababu kiko kwenye bango ukutani zahanati kwetu, ni kwamba kijiko cha chai hubeba kama gramu nne. Nikagawanya. Vijiko sita. Makopo mawili yalikuwa tumboni. Vijiko kumi na viwili, ndani ya mtu aliyekatazwa hata kimoja, na mimi ndiye niliyemletea.

"Mbona umenyamaza?"

Hapa ndugu zangu ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Lakini fimbo ilikuwa mapajani, na tabasamu bado lilikuwa usoni, na barua yangu ilikuwa mahali fulani ndani ya ile nyumba.

"Inasema... kalsiamu."

"Inafanya nini?"

"Mifupa, mzee. Inaimarisha mifupa. Magoti."

(Kalsiamu ilikuwepo kweli! Mstari wa chini yake. Niliruka mstari mmoja tu.)

Akashika goti lake la kulia. "Hili goti lina miaka linanisumbua," akasema. "Nifungulie jingine."

"Mzee, labda haya tuyaache hadi kesho."

Alinitazama. Nikafungua kopo la tatu kwa mkono wangu huu, nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu, na magoti nimeyakunja kidogo. Vijiko kumi na nane.

Akamaliza. Akajifuta mdomo, akaegemea kitini, akapumua kwa raha. "Usiku silali siku hizi. Nakwenda nje, narudi, nakwenda nje, narudi. Acha nijinyooshe kidogo. Nikiamka, nitakujibu ile barua yako."

Akafunga macho.

Nikiamka. Hilo neno lilinikaa kifuani kama jiwe. Jibu langu la miezi yote limo ndani ya mtu mwenye vijiko kumi na nane, na amefunga macho.

Nikachukua simu nitafute dalili. Mtandao hakuna. Paskalina aliwahi kuniambia mtandao unapatikana kwenye kona ya ua, ile ya upande wa ng'ombe. Sasa chagueni nyinyi. Nikatembea mgongo ukigusa ua, ng'ombe wananusa hewa yangu, dume moja lenye baka jeupe usoni likanisindikiza kila hatua. Mtandao ukaja. Nikaandika: mgonjwa wa kisukari amekula sukari nyingi. Simu ikanijibu: kiu, uchovu, kukojoa mara kwa mara, usingizi mzito, kupoteza fahamu. Iliyofuata, ya mwisho, sikuimaliza kusoma. Ilianza na Kif-.

Nikarudi mbio. Mzee yuko vile vile. Mdomo wazi. Nzi akatua juu ya mdomo wa chini, akatembea kutoka upande huu hadi upande ule, mzee hakumfukuza. Nani anaacha nzi atembee hivyo kama yuko hai?

Kumgusa siwezi. Mkwe hashikwi. Hata kumpa mkono nasubiri anipe yeye kwanza, sasa nimtikise bega? Nikakohoa. Hakuna. Nikakohoa kama mwenye kifua kikuu. Mbwa akaondoka, mzee hakutikisika. Nikasema, "Mzee?" Nikasema, "Baba?" Kwenye kigingi cha ukuta palining'inia kengele ya ng'ombe. Nikaichukua nikaitingisha karibu na sikio lake. Ng'ombe wote walisimama. Yeye hapana.

Nikapiga magoti vumbini mbele ya kile kiti. Sitaki kuwaficha, machozi yalitoka. Niliogopa kufungwa, niliogopa Paskalina, niliogopa ule mji mzima, lakini zaidi nilikuwa namwonea huruma yule mzee aliyetabasamu kwa sababu mtu mmoja amemfikiria, na huyo mtu ndiye aliyemuua.

"Mzee, usife," nikanong'ona. "Nisamehe. Haikuwa kalsiamu. Ilikuwa sukari, vijiko sita kila kopo, niliona nikakudanganya kwa sababu nakuogopa. Usife, mzee. Ukiamka nitafanya lolote. Nitachunga ng'ombe wako mimi mwenyewe, kiangazi chote, na mimi mwenyewe unajua... hujui, lakini nawaogopa sana. Ukiamka tu."

Hakuamka.

Nikasimama, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga yowe.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu wa Nambis ulipoonekana. Kwetu juu nyumba zimesogeleana, ukipiga yowe majirani wanakuja kuuliza nani anaumwa, mwingine amebeba mwiko. Huku kwenye tambarare ya ng'ombe, ukipiga yowe mchana, yowe lina maana moja tu. Kabla sijameza mate niliona vumbi. Wanaume wanatoka kila upande, mashuka yanapepea, wana fimbo, wawili wana mikuki, mmoja amekuja na pikipiki na nyuma amebeba mwenzake mwenye upinde. Yule bodaboda aliyenileta naye yumo. Mama na Paskalina wametoka jikoni. Hata nesi wa zahanati ya pale, mama mfupi mwenye sauti kubwa, anakimbia na mkoba wake, amejiandaa kwa majeruhi.

Wa kwanza kufika akanishika bega. "Wangapi?"

"Nani?"

"Ng'ombe! Wamechukua wangapi?"

"Hakuna aliyechukua ng'ombe."

"Wezi wameelekea wapi?"

"Hakuna wezi."

Wote wakasimama. Wanahema. Mikuki iko juu. "Sasa yowe la nini?"

Nikanyoosha kidole kwenye kigoda. "Ni yogati."

Nasikia ng'ombe wanatafuna.

"Yogati imefanya nini?" akauliza yule mwenye upinde.

"Imemuua mzee."

Mama akapiga ukelele. Paskalina akaangusha mwiko. Watu wakageukia kile kiti, kofia zikavuliwa, na katikati ya kile kilio kilichoanza kupanda, sauti ya mzee ikasikika, macho bado yamefungwa:

"Jirani wa ng'ambo ya korongo amekuja?"

Sijui miguu yangu ilipokea amri kutoka wapi. Maiti imeongea! Nilikimbia. Nilikimbia bila kuchagua upande, nikapanda ua wa miiba, suruali ikabaki nusu juu ya ua, mimi na nusu nyingine tukaangukia ndani. Ndani ya zizi. Katikati ya ng'ombe. Dume la baka jeupe likashusha kichwa likaninusa shingoni, na mimi nikapiga yowe la pili, hili halikuwa na maana yoyote.

Walinitoa kwa kunibeba. Wanaume wanne. Waliponitua nikaokota mfuko wa yogati, nikajifunika nyuma.

Mzee alikuwa amekaa wima, anawatazama watu wake mmoja mmoja. "Niliamka kwenye kengele," akawaeleza. "Nikataka kujua huyu kijana ana shida gani na mimi. Akaanza kusema maneno. Nikaona si vizuri kumkatiza. Alipopiga yowe nikasema, ngoja nione, siku nikifa nani atakuja." Akatazama tena upande wa korongo. "Yule jirani hajaja. Nimeona."

Watu walicheka hadi mikuki ikawekwa chini. Kuna mmoja alilala kabisa kwenye vumbi. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama nesi, kwa sababu yeye pia hakucheka. Alishamtoboa mzee kidole, anasubiri kile kimashine chake cha kupimia sukari. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuwaambia.

"Imepanda," akasema.

Kicheko kikakatika. Paskalina akanitazama. Yale macho sitayasahau.

"Imepanda, na si kidogo. Lakini yuko macho, anaongea, hafi leo. Anywe maji, atembee, asilale tena. Jioni nampima. Ikipanda zaidi, tunakwenda hospitali." Kisha akalichukua kopo tupu, akalisogeza karibu na macho. "Nani kaleta hii?"

Vidole vyote vikanielekea. Hata mbwa alinitazama.

"Wewe. Umesoma hapa nyuma?"

"Nilisoma hapa mbele."

"Hapa mbele wamekwambia kisichokuwemo. Hapa nyuma wamekwambia kilichomo." Akawageukia watu wote, na pale pale ile semina niliyoikimbia kwa simu ikanifuata hadi Endasak. "Sikilizeni. Protini ipo, ni nzuri. Kalsiamu ipo, ni nzuri. Mafuta hakuna, ni kweli hawakudanganya. Lakini maziwa ukiyatoa mafuta hayana ladha. Sasa ili mtu ayapende wanafanya nini? Wanatia sukari. Kidogo ya hii ni sukari ya maziwa yenyewe, kila maziwa yanayo. Iliyobaki imemiminwa. Huyu mzee akitaka mtindi, mama ampe ule wa kwenye kibuyu, kikombe kimoja, asitie kitu. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," wakajibu wote, na fimbo zao.

"Na wewe kijana, kazi yako ni nini?"

Nikajua swali hili linakuja. Nikasogea nyuma ili mgongo uelekee ukutani. Haikusaidia, maana Paskalina, mwanamke ninayempenda, akanishika mabega, akanigeuza taratibu mbele ya kijiji chote. Nesi akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Lishe. Bora. Ni. Mimi. Na. Wewe."

Sitaki kuelezea kicheko kile.

Kilipoisha, mzee akagonga fimbo chini. "Kijana ameniahidi kitu nikiwa nimekufa. Nilisikia vizuri." Akawaeleza. Yote. Na ile sehemu ya kuwaogopa. Halafu akaninyooshea fimbo nyingine iliyoegemezwa ukutani. "Mchungaji ana homa. Nesi amesema nitembee. Kiangazi ni kirefu, anza leo." Nikaazima shuka, nikayarudisha makopo matatu mazima kwenye mfuko nisiyaache pale nyumbani, nikatoka.

Basi sasa mnajua nilipo. Niko malishoni, chini ya mlima Hanang, nimevaa shuka la kuazima kwa sababu suruali iko kwenye ua. Mbele yangu ng'ombe. Nyuma yangu ng'ombe. Mzee anatembea kando, anakunywa maji kwenye chupa, na kila baada ya muda namuuliza, "Mzee, unajisikiaje?" na yeye anajibu, "Uliza ng'ombe." Simwondolei macho. Akipepesa nahesabu, akikaa nasimama. Nesi amesema jioni, na jua naliona halisogei.

Muda mfupi uliopita alinisogelea. Akatazama huku na huku kama mwizi.

"Yale makopo matatu yako kwenye mfuko wako," akanong'ona. "Niliona ukiyarudisha."

"Mzee..."

"Nipe moja. Moja tu. Nitakujibu barua hapa hapa, sasa hivi."

Jamani. Miezi yote ile. Jibu liko umbali wa mfuniko mmoja, Paskalina hayupo, nesi hayupo, ng'ombe hawasemi. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa asubuhi. Nikautoa mfuko, nikafungua makopo yote matatu, nikayamwaga kwenye nyasi mbele ya macho yake.

"Vijiko sita, mzee," nikasema. "Unisamehe. Hapana."

Niliona mwisho wangu umefika. Akaitazama ile yogati inavyonyonywa na ardhi, akaitazama kwa uchungu wa kweli.

"Asubuhi ulinipa kwa sababu unaniogopa," akasema. "Sasa umeninyima na bado unaniogopa. Mtoto wangu akiolewa, baba yake anahitaji mkwe anayeweza kumnyima. Jumamosi njoo na mshenga."

Akaendelea kutembea. Mimi nilibaki nimesimama, nalia tena, mara ya pili kwa siku moja.

Sasa tafadhali, msicheke, na msisambaze. Nina swali moja tu na nahitaji jibu la haraka kabla mtandao haujakatika: ng'ombe dume mwenye baka jeupe, akimaliza kulamba stroberi kwenye nyasi, kisha akanyanyua kichwa na kuutazama mfuko wako mtupu bila kupepesa, mtu anatakiwa akimbie, au asimame?